Mama Pogo na Mitungi ya Akiba

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, mkuu wa kitengo cha takwimu cha hospitali yetu anastaafu tarehe 30 Juni. Mchana wa siku hiyo atakabidhi funguo, na mume wake atakuwa anamngoja getini na baiskeli mbili. Ya pili ni mpya, imenunuliwa kwa ajili yake, na hajui kuiendesha. Mume anasema atamfundisha. Watoto wao wanasema watatazama kwa mbali.

Hapa kazini tunamwita Mama Pogo. Wageni hudhani ni jina la kejeli, kumbe ni la heshima. Mzigo ukifungwa vibaya ukaelemea upande mmoja, tunasema unakwenda pogo. Yeye hajapata kuletewa takwimu, iwe ya dawa, ya foleni au ya idadi ya vikombe vilivyovunjika jikoni, asiulize kwanza, "Ina pogo kiasi gani?" Ameuliza hivyo kwa waganga wakuu watano waliopita hapa. Wawili walimjibu.

Nimeombwa niandike wasifu huu, usomwe kwenye sherehe ya kumuaga, kwa sababu mimi ndiye niliyemwajiri, na ndiye niliyekuwa mkuu wa kitengo kabla yake. Ninauandika nikiwa kitandani katika wodi ya wanaume, mrija wa oksijeni puani, na muuguzi ananinyang'anya kalamu kila akiona nahema. Daktari wangu ni kijana mkweli. Amenishauri nisihangaike kununua kalenda ya mwakani. Ndiyo maana pamoja na sifa za mstaafu wetu kuna neno moja langu nitakalolikiri humu. Linahusu jambo pekee ambalo anaondoka hajalimaliza: mitungi ya oksijeni ya akiba ya wodi ya watoto, kama itabaki pale alipoiweka au itapunguzwa akishatoka getini. Wengi wenu mmelisikia likizungumzwa kwenye korido. Nitalifikia. Kwanza tuisifu kazi.

Alikuja kwenye usaili akiwa binti mwembamba, amevaa viatu vya dada yake vilivyombana hata akawa anakaa upandeupande. Nilikuwa na swali moja ambalo niliwauliza waombaji wote: ni wakati gani mtu anaruhusiwa kutumia mchoro wa kengele? Waliomtangulia walijibu kama wanafunzi wazuri: ukishajumlisha vitu thelathini. Yeye alitazama dari, akatutazama sisi, akauliza, "Thelathini za nini?"

Ofisa utumishi aliangua kicheko. Mimi nilikasirika kidogo. Vitabu nilivyofundishia vilisema thelathini, na nilikuwa nimewaambia vijana wengi "thelathini zinatosha" kwa sauti ya mtu anayetoa baraka. Nilimwajiri ili nimfundishe kazi. Hilo nililifanya kwa miaka miwili hivi. Baada ya hapo tukawa tunabishana tu, na ubishi wake ulikuwa mtamu.

Kwa jamaa na majirani zake waliokuja leo, nieleze tulichokuwa tunabishania. Chukua vitu vya nasibu, yaani vile ambavyo huwezi kuvikisia kimoja kimoja: mgonjwa huyu atahitaji nini juma hili, na yule, na yule. Vijumlishe. Juma lijalo jumlisha tena, na lijalo, halafu chora jumla zako. Polepole mchoro utaota umbo la kengele: kilima katikati na miteremko miwili inayofanana. Ni habari njema kabisa katika hisabati, maana ukiwa na kengele hujui wastani tu, unajua pia mambo yatapita kiasi mara ngapi. Wengi wetu tukifika hapo hufunga kitabu, tukaenda kunywa chai.

Mama Pogo alikuwa hafungi kitabu. Yeye alitaka kujua jumla hiyo inaikaribia kengele kwa kiasi gani, maana kukaribia si kufika. Jibu analijua kila aliyewahi kufanya kazi chini yake. Kwanza, tofauti hupungua kwa mwendo wa kipeuo cha pili: ukitaka kosa lipungue nusu, huna budi kujumlisha vitu mara nne, si mara mbili. Pili, vitu vyenyewe vikiwa na pogo, vingi vidogo na vichache vikubwa kupita kiasi, kosa huanza likiwa kubwa. Na hata pale katikati ya kilima panapoonekana pazuri, huko pembeni kwenye mkia jedwali la kengele linaweza kuwa linasema uongo mtupu. Bahati mbaya hospitali huishi kwa kuogopa huko pembeni.

Kazi yake ya kwanza kujulikana ilikuwa ya mashuka. Stoo ya mashuka ilijaa hadi darini, na msimamizi wa dobi, mama mwenye sauti ya honi, aliamini kwamba shuka ni kama jirani, hujui lini utamhitaji. Mama Pogo alihesabu. Kitanda kimoja kwa siku hutumia shuka moja au mbili, mara chache tatu. Hakuna kitanda kinachoamka asubuhi kikataka mia. Hakuna pogo. Vitu vya namna hiyo ukijumlisha hata kumi na viwili, kengele inakaa kama imepigwa randa na seremala. Akapendekeza akiba ya mashuka ikatwe kwa zaidi ya nusu.

Mama wa dobi alimfuata ofisini mikono kiunoni. "We binti, siku tukilaza watu kwenye magodoro matupu, nitakuita wewe ujitandike." Mstaafu wetu alimjibu kwa upole kwamba yuko tayari, mradi apewe mto. Siku hiyo haijafika hadi leo, mama wa dobi akawa rafiki yake wa kufa na kuzikana, na hospitali ikapata chumba kizima kitupu, chenye mlango wa nje na madirisha mawili makubwa.

Chumba hicho alikuwa na kazi nacho. Gari la mitungi ya oksijeni huja mara moja kwa juma, na wodi ya watoto ina vitanda thelathini na sita. Akiba ya wodi hiyo niliipanga mimi, kwa kengele, na jedwali lilituahidi kwamba mitungi itashindwa kutosha juma moja tu katika miaka kumi na minne. Nilijivunia ahadi hiyo. Mama Pogo akauliza swali lake. Watoto wengi hawaugusi mtungi kabisa. Mmoja kati ya thelathini na sita, mara nyingine wawili, mara nyingine hakuna hata mmoja, huumaliza na kutaka mwingine, na mwingine tena. Hiyo, alisema, ni pogo ya kupindua mkokoteni. Kwa hesabu yake, miaka yangu kumi na minne ilikuwa karibu kila mwaka.

Hakunionyesha kwa fomula. Fomula mimi nilikuwa nazo za kutosha kujificha nyuma yake. Alikwenda kwa fundi cherehani wa hospitali, yule anayeshona sare, akarudi na makopo mawili makubwa ya vifungo. Kopo la mashuka lilikuwa na vifungo vya mashati, vyote karibu sawa. Kopo la watoto lilijaa vifungo vidogo vya magauni, mamia kwa mamia, na humo ndani vimefichama vichache vya makoti na bizimu za chuma za mikanda. Kila kifungo ni kitanda, alisema, na kila mchoto ni juma moja.

Utaratibu ukawa kwamba zamu ya chai ni zamu ya vifungo. Ukishabandika maji, unachota vifungo thelathini na sita kutoka kila kopo bila kuchungulia, unavipima kwenye mizani ya jikoni, unaweka alama ya chaki nyuma ya mlango mahali pa uzito ulioupata, unavirudisha na kutikisa kopo. Maji yakichemka hujamaliza, chai inangoja. Wakaguzi waliotutembelea walidhani tunacheza bahati nasibu saa za kazi. Dereva mmoja wa gari la wagonjwa alimwita pembeni akamwuliza, kwa heshima zote, kama vifungo vinaweza kumwambia matokeo ya mpira wa Jumamosi. Alimjibu vinaweza, ila vitakosea kwa kiasi kinachojulikana.

Alama zilijaa. Upande wa kushoto wa mlango, kopo la mashuka lilijenga kengele nzuri ya kutundikwa sebuleni. Upande wa kulia hali ilikuwa nyingine. Kilima kilijibana kushoto, na mkia mrefu ukatambaa kuelekea kitasani, alama moja hapa, mbili pale, ukavuka mstari mwekundu alioupiga mahali akiba yangu ilipokomea. Ulivuka mara nyingi mno kuliko nilivyoahidi. Nilikuwa nikisimama pale na kikombe changu nikitafuta mtu wa kumlaumu, lakini kila aliyekuwa na kikombe, nami nikiwemo, alikuwa amechota vifungo vile mwenyewe. Mwisho nikaidhinisha. Mitungi ya ziada ikaingia kwenye chumba kile cha madirisha mawili.

Msidhani huyu mama hakosei. Mwaka ule wa kumuaga matroni, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kukisia idadi ya wageni ili viti na sahani zitoshe. Alipiga kengele yake safi kabisa, kila aliyealikwa akamhesabu kama mtu anayeamua peke yake kuja au kutokuja. Kumbe watu hawaji mmoja mmoja. Akija shangazi anakuja na shemeji, na shemeji hawezi kuwaacha watoto, na watoto wana rafiki yao. Ukumbi ulifurika. Aliyekosa sahani ni yeye mwenyewe. Alikula kwenye kisahani cha kikombe, amesimama, huku mama wa dobi akimpitia kila mara na sahani mbili mkononi. "Vipi, mwenzetu, hesabu imeiva?" Mama Pogo alicheka hadi wali ukamwagika. Lakini Jumatatu aliingia ofisini hacheki. Kengele inadai kwamba kila kitu kijiamulie chenyewe, alituambia, na kikohozi hakijiamulii. Watoto wa nyumba moja huugua pamoja. Akaomba mitungi zaidi.

Kilichompa haki, kama mnavyokumbuka wa zamani, ni mvua. Ilikuwa mwisho wa juma wenye sikukuu ndani yake, barabara ya bohari ikakatika, gari la mitungi likakwama upande wa pili. Jioni hiyohiyo, kwenye jengo moja la ghorofa mtaani, godoro liliungua ngazini na moshi ukapanda juu. Watoto wa nyumba tatu waliletwa kwa pamoja, wanakohoa masizi. Akiba ya kawaida iliisha kabla mvua haijakatika. Muuguzi mkuu wa wodi ya watoto, ambaye miaka yote alikuwa akimwita mstaafu wetu mganga wa vifungo, alimtuma Kamanda, mpagazi wetu wa mitungi, afungue chumba kile. Kamanda aliviringisha mtungi mmoja baada ya mwingine kwenye korido ndefu hadi mngurumo wa mitungi ukawabembeleza watoto wakalala.

Mama Pogo hakuwepo. Alikuwa kwenye harusi ya binti yake, na hakuna aliyethubutu kumpigia simu. Jumatatu alipofika, muuguzi mkuu alimkumbatia mlangoni asimwachie. Yeye akauliza kutoka ndani ya kumbatio hilo, "Imebaki mingapi?" Akaambiwa miwili. Alifikiri kidogo. "Basi haikuwa mingi." Watoto wote walirudi makwao na masizi masikioni. Tangu siku hiyo muuguzi mkuu hamwiti tena mganga wa vifungo. Anamwita daktari wa vifungo.

Yapo mengine ambayo kwa mtu mwingine yangejaza wasifu mzima. Foleni ya wagonjwa wa nje aliipanga upya hadi mabenchi mawili yakatolewa. Amelea kazini vijana wengi, na wanne kati yao leo ni wakuu wa vitengo kwingine. Wote huingia ofisini kwake bila kubisha hodi kama watoto wanaorudi nyumbani. Lifti yetu imeandikwa watu kumi, lakini yeye hutazama kwanza ni kumi gani: mpishi mkuu akiingia na waashi wawili wa jengo jipya, Mama Pogo hushukia mlangoni na kupanda ngazi, akiwaambia kwa adabu kwamba jumla ni yenu, mimi ni nyongeza tu. Mume wake, aliyekuwa mwalimu wa jiografia, huwaambia watu kwamba alichumbiwa yeye, si yeye aliyechumbia, kwa sababu binti huyo alichunguza wanaume wa mtaa mzima akaona yeye ndiye hana pogo. Mstaafu wetu anasema alikuwa nayo kidogo, ila alivumilia.

Sasa nifike nilipoahidi.

Meneja wetu wa ugavi ni kijana safi, ana akili, na nampenda kama mwanangu. Ameona mitungi ya chumba kile ikikaa mwaka hadi mwaka bila kuguswa. Anaiita mitungi inayolala. Watoto waliovunjika miguu hawana mahali pa kufanyia mazoezi, na yeye anakitaka chumba kile kwa ajili yao. Si nia mbaya hata kidogo. Miezi miwili iliyopita, nikiwa bado nyumbani, alinipigia simu. "Shikamoo, Mwalimu. Nina swali dogo. Vitanda ni thelathini na sita. Kengele inafaa au haifai?"

Nilikuwa nimekaa kitandani na ndala mguu mmoja. Kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa ameniuliza kitu isipokuwa kama nimekunywa dawa. Nikajinyoosha. "Thelathini zinatosha, mwanangu," nikamwambia. Sikumwuliza thelathini za nini. Akanishukuru, nikalala nimefurahi.

Neno langu lilipelekwa kwenye mkutano. Naambiwa Mama Pogo alikuwa amejiandaa, ana karatasi zake, na aliposikia kwamba Mwalimu ameulizwa na amejibu, alizikunja. Alisema, "Kama ni Mwalimu amesema, sina la kuongeza." Katika miaka thelathini na minne huyu mama hajawahi kukosa la kuongeza. Angeweza kunishinda akiwa amefumba macho. Hakutaka kumshinda mzee mgonjwa mbele ya watu.

Kisha nikalazwa. Alikuja kila alasiri. Alinimenyea machungwa, akanisomea gazeti kwa sauti ya kugombana nalo, tukabishana juu ya kila kitu kilichomo humo, hata hali ya hewa. Mitungi hakuitaja. Mimi nilikuwa nimeshasahau ile simu.

Aliyenikumbusha ni Kamanda, asubuhi moja alipokuja kunibadilishia mtungi. "Mzee, huu ni wa tatu tangu jana," alisema huku akikaza koki. "Halafu eti wewe ndiye uliyesema ipunguzwe."

"Ipunguzwe nini?"

"Mitungi ya watoto. Mama Pogo akiondoka tu, chumba kinageuzwa cha mazoezi. Si umekibariki mwenyewe?" Akaugonga mtungi wangu kwa spana kama mtu anayempiga punda begani, akaenda zake akipiga mluzi.

Wodi yetu ina vitanda ishirini na vinne. Nilivitazama kimoja kimoja. Wenzangu ishirini na watatu walikuwa wanavuta hewa ya bure itokayo dirishani, wengine wakilalamika kwamba ina baridi. Mtu aliyekuwa anamaliza akiba ya wodi nzima nilikuwa mimi peke yangu. Nimechora mkia wa mchoro ubaoni maisha yangu yote, lakini nilikuwa sijawahi kuulalia.

Basi nakiri, tena kwa maandishi na mbele ya wageni. Neno nililolitoa sikulipima. Wala si kwamba hisabati ilikuwa imenitoka. Mlango wenye alama za chaki naujua kama kiganja changu. Nilitaka kuwa Mwalimu tena, hata kwa muda wa simu moja. Nilipenda kuulizwa. Kwa ajili ya furaha hiyo ndogo nilikuwa nimewapunguzia watoto pumzi, na mwanamke aliyewalinda nikamfunga mdomo kwa heshima yake mwenyewe.

Nilimwita meneja wa ugavi. Alikuja na kalamu, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali la haki. "Mwalimu, mwezi ule ulisema hivi, leo unasema vile. Nimwamini Mwalimu yupi?"

Nikamwambia asimwamini hata mmoja, apige hesabu. Tuliipiga pamoja, muuguzi akininyang'anya kalamu na meneja akiniazima ya kwake. Tuliweka watoto wasiogusa mtungi na wale wachache wanaoumaliza, tukatafuta mkia wenyewe badala ya kuuazima kwenye jedwali. Miaka kumi na minne ikatuporomokea mikononi ikawa karibu kila mwaka, vilevile kama alivyosema Mama Pogo tangu mwanzo. Kisha akataka kujua wodi ingehitaji vitanda vingapi ili jibu langu la simu liwe la kweli. Nikamwambia ni maelfu mengi. Akacheka hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani akaamka. "Maelfu! Hapo hata pa kuweka milango hatutapata, sembuse mazoezi."

Alikubali. Mahali pa mazoezi bado hajapata, na mwenye wazo zuri amwone baada ya sherehe. Ila aliniwekea sharti moja, na naliona ni la kiungwana. Neno langu la kwanza alilitamka mbele ya mkutano, kwa hiyo la pili lisije likapita chini ya mto. "Ukigeuza, Mwalimu, geuza mbele ya watu." Ndivyo ninavyofanya. Jibu nililotoa kwa simu nalifuta. Vitanda thelathini na sita havitoshi kwa kengele, na kwa pogo ile visingetosha hata vingekuwa mara kumi.

Ninapoandika, mstaafu wetu hajui lolote la haya. Nimemwomba Kamanda asiseme, jambo ambalo ni sawa na kumwomba jogoo asiwike, na kama amesema basi ninyi mnaosikiliza mtakuwa mnaona usoni mwake.

Mama Pogo, dada yetu, shangazi wa vijana wote wa kitengo: asante. Asante kwa uliyoyahesabu na kwa namna ulivyotuhesabu sisi, mmoja mmoja, kabla ya kutujumlisha. Asante kwa ukimya wa mkutanini, ingawa usirudie tena kumnyamazia mtu kwa sababu ni mzee. Wazee tunapona tukibishiwa. Sitaweza kuja ukumbini, lakini ukipita wodini kesho karatasi ya hesabu ipo chini ya mto wangu. Ikague. Najua ungeikagua hata nisingekuambia.

Wenzako wote wanakuombea uzee mwepesi, magoti yenye utii, wajukuu wasumbufu kiasi, na usingizi wa asubuhi usiokatizwa na simu ya hospitali. Kaa vizuri na watu wako. Umetufaa.

Katika ratiba, kinachofuata baada ya wasifu huu ni zawadi. Nawaomba waandalizi wangoje kidogo. Dada, usinyanyuke kupokea chochote kutoka kwa mtu yeyote mpaka umesikia kwa masikio yako, mbele ya mganga mkuu na jamaa zako, kwamba mitungi yote inabaki pale ulipoiweka. Usipolisikia neno hilo, kaa hapohapo kwenye kiti, na kesho uje kazini kama kawaida.

Haya, meneja wa ugavi, mwanangu. Simama useme.